Madawati au mchanga? Akili na mwili wa mtoto, na chekechea ipi uchague

Mdogo wangu anakaa Makorora, ana mtoto wa kiume wa miaka minne, na kwa wiki tatu nzima kila akinipigia simu ni jambo moja tu, chekechea ipi. Kuna mbili amezipenda, zote hapahapa Tanga mjini na ada zinakaribiana. Ya kwanza watoto wanakaa kwenye madawati toka saa mbili mpaka saa sita, wana madaftari manne, homuweki kila siku, na siku ya mahafali wanasimama wanataja miezi ya mwaka kwa Kiingereza wazazi wanapiga vigelegele. Ya pili ina uwanja wa mchanga, matairi, ndoo za maji, kamba, ticha anaimba nao, afu mtoto anarudi nyumbani mchafu hatari na daftari halina kitu. Akaniambia "dada wewe si ndo umesomea hayo mambo, niambie basi."

Nimesomea kweli, ualimu wa awali, na nimefundisha miaka tisa, lakini jibu la chapchap sikuwa nalo. Hizi chekechea hazibishani kuhusu madawati na mchanga. Zinabishana kuhusu swali la zamani sana, kwamba akili ya mtoto na mwili wake ni vitu viwili au ni kitu kimoja, na kama ni viwili basi kipi kinamvuta mwenzake. Nikamwandikia meseji ndefu, hii hapa nimeipanua kidogo.

Kuna kambi tatu kwa hesabu yangu mimi, wengine watakwambia tano.

Kambi ya kwanza wanasema ni viwili. Jina linalotajwa sana ni René Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, alizaliwa 1596, na mwaka 1641 akatoa kitabu akisema kuna kitu kinachofikiri na kuna kitu kinachojaza nafasi, na mimi hasa ni kile kinachofikiri, mwili ninao tu. Ingawa waliopita madrasa wanajua habari hii ina umri zaidi ya huo, maana Ibn Sina aliyefariki 1037 alishatoa mfano wa mtu aliyeumbwa ananing'inia hewani, haoni, hasikii, hata vidole vyake havigusani, na bado huyo mtu atajua kwamba yupo. Sasa Descartes ana maneno kuhusu watoto pia, na watu wengi wanayaruka. Anasema chanzo kikubwa cha makosa yetu ni utoto, kwa sababu akili ya mtoto imezama mwilini, inachosikia ni njaa na baridi na maumivu, na yale tuliyoyameza wakati ule tunazeeka nayo. Kwa hiyo kukua, kwa macho yake, ni akili kujinasua mwilini kidogo kidogo kama mtu anayetoka kwenye matope ya mikoko. Huyu baba alikuwa na binti, Francine, alifariki 1640 akiwa na miaka mitano, na kila nikifika hapo kwenye maelezo yake huwa nalikumbuka hilo.

Aliyemkaba vizuri ni mwanamke, Elisabeth, binti wa kifalme wa Bohemia. Mwaka 1643 alimwandikia barua akamuuliza, kama roho haina uzito wala umbo inausukumaje mwili? Descartes akazungukazunguka, afu mwaka 1649 akaandika kwamba roho na mwili vinakutana kwenye kitezi kidogo katikati ya ubongo, jibu ambalo halikuwatosha wengi, maana kitezi nacho si mwili tu?

Kiswahili chenyewe kinatuchanganya hapa. Ukiwa hai unasema "naumwa", husemi mwili wangu unaumwa na mimi nipo pembeni naangalia. Ila mtu akifariki tu, siku hiyohiyo utasikia mwili unawasili kesho, mwili utazikwa baada ya adhuhuri, yaani kwenye maneno yule mtu na mwili wake wameshaachana. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Tanga roho na mwili ni viwili hashtuki, ndo imani yake, na yangu pia. Ninachobisha mimi ni kitu kingine, kuamini kwamba roho inabaki baada ya kaburi hakukulazimishi umfundishe mtoto wa miaka minne kana kwamba mikono yake ni mzigo aliobebeshwa.

Kambi ya pili wanasema achana na akili, angalia mwili. Humu ndani kuna ndugu wawili wasiopatana. Mmoja ni John Watson wa Marekani, mwaka 1913 alitangaza kwamba saikolojia iache kabisa kuongelea mambo ya ndani ya kichwa, ipime matendo tu, na mwaka 1920 yeye na mwenzake wakamtia mtoto mdogo woga wa panya mweupe kwa kugonga chuma nyuma yake kila akimgusa. Jaribio lenyewe baya na wala sitaki kukaa nalo. Mwingine ni Arnold Gesell, daktari, yeye anasema mwili una ratiba yake na wewe mzazi huwezi kuiharakisha, subiri. Watson anasema mazingira yanamfinyanga mtoto, Gesell anasema mtoto anajifunua mwenyewe kama jani la mgomba, lakini wote wawili hawamhitaji yule "mimi" wa Descartes.

Kambi ya tatu wanasema huwezi kuvitenganisha, mtoto anafikiri kwa kufanya. Jean Piaget wa Uswisi anawekwa humu, na ni haki yake kwa miaka miwili ya mwanzo, maana kwake mtoto mchanga anaijua dunia kwa kushika, kunyonya, kutupa chini na kuangalia nani ataokota. Alianza kama mtu wa biolojia, kazi yake ya ujanani ilikuwa konokono na jamaa zake, kwa hiyo akili kwake ni kiumbe hai kinachozoea mazingira. Lakini iangalie ngazi yake vizuri, miaka 0 hadi 2 mikono, 2 hadi 7 mfano na maneno, 7 hadi 11 kuhesabu vitu vinavyoonekana, kuanzia 11 hivi mawazo matupu. Kila ukipanda ngazi unauacha mwili chini. Yaani kaanza kwetu akamalizia kwa Descartes, hayo ni maoni yangu na kuna mwalimu wangu wa chuo tulibishana naye mpaka chai ikapoa.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia, kazaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, kwenye himaya ya Urusi ya wakati ule, sehemu ambayo leo ni Belarus, akafa kwa kifua kikuu 1934 hata arobaini hajafika. Yeye ananigusa zaidi. Ana mfano wake wa mtoto anayenyoosha mkono achukue kitu asikifikie, mama anaona, anamletea, na baada ya muda ule mkono si wa kuchukua tena, umekuwa mkono wa kuonyesha, una maana. Fikiria kipande cha chungwa kwenye sinia. Mwili wa mtoto, jicho la mama, na akili imezaliwa hapo katikati yao, haikutoka kichwani kwa mtoto peke yake.

Haya, sasa tuziweke kambi ubavu kwa ubavu kwenye mambo yanayomhusu mzazi kweli.

Kutembea

Kambi ya kwanza hapa haina la kusema, kutembea kwao ni habari ya mashine. Gesell ndo ana la kusema. Mwaka 1929 yeye na Helen Thompson waliandika kuhusu mapacha wa kike, mmoja akafundishwa kupanda ngazi wiki sita akiwa na wiki 46, mwenzake akaachwa mpaka wiki 53 akafundishwa wiki mbili tu, na akamfikia. Kwa hiyo usihangaike, mwili ukifika umefika.

Mpaka hapo inaonekana kambi ya pili wameshinda. Ila kuna kitu. Mtoto mchanga kabisa ukimshika makwapani ukamsimamisha mkekani anapiga hatua, mguu huu na huu, wazazi wanacheka wanasema huyu atawahi. Akifika kama miezi miwili anaacha. Maelezo ya zamani ni kwamba ubongo umekua, umeizima ile hali ya kuzaliwa nayo. Mtafiti mmoja wa Marekani, Esther Thelen, hakuridhika, yeye akaangalia mapaja. Watoto umri ule wananona haraka kuliko misuli inavyopata nguvu. Basi yeye na wenzake, ni utafiti wa 1984, wakawashika watoto ndani ya maji yanayofika kifuani, hatua zikaongezeka, wakawafunga vijiuzito miguuni, hatua zikapungua. Hakuna kilichozimwa kichwani, miguu ilikuwa mizito tu.

Niliposoma hiyo nikaijaribu kwa huyuhuyu mtoto wa mdogo wangu, alikuwa na miezi mitatu. Uani kwetu Ngamiani, diaba la bluu, maji ya vuguvugu nimeyapima kwa kiwiko. Mkekani alikuwa anakunja miguu tu, hasukumi kitu. Nikamshusha pole pole mpaka maji yakafika kifuani na nyayo zikagusa chini. Akakunja uso nikajua hapa kilio, afu mguu wa kulia ukapanda, ukashuka, wa kushoto ukafuata. Nimehesabu hatua tisa kabla mama hajatoka jikoni na mwiko mkononi, "wewe unamfundisha mtoto kutembea au kuzama?"

Kilichonikaa ni kwamba kutembea hakukuwa kichwani wala hakukuwa miguuni, kulikuwa kwenye ubongo na mapaja na maji na mikono ya anayemshika, vyote kwa pamoja. Na mama mwenyewe ndo bingwa wa "simama dede", kila jioni anamnyanyua mtoto anamwimbia, hajawahi kumsubiri Gesell. Jirani zetu Kenya wanafanya zaidi, Charles Super aliandika mwaka 1976 kuhusu Wakipsigis, wanachimba kishimo chini wanamkalisha mtoto humo wanambana na blanketi ajifunze kukaa, na watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, ila kwenye kutambaa hawakuwatangulia, kwa sababu kutambaa hakuna aliyewafundisha. Kwa hiyo ratiba ya Gesell ipo ila ina milango.

Kuhesabu

Hapa ndo chekechea ya madawati inapojivunia. Nimewahi kufundisha kwenye shule ya namna hiyo, sitaitaja, mtoto anakutajia moja mpaka mia bila kumeza mate, nikamwambia nipe maharage sita, akanichotea kiganja kizima. Hakuwa mjinga. Alikuwa na wimbo mrefu wa namba na vidole vyake havijawahi kualikwa kwenye huo wimbo.

Kinyume chake ni wale watoto wanaouza ubuyu na maembe stendi. Mpe elfu mbili, ununue vya mia saba, chenji inarudi kabla hujafunga pochi, mwite ubaoni umwandikie hesabu ileile anaduwaa. Hili limepimwa, si hadithi, huko Recife Brazil watafiti watatu waliandika 1985 kuhusu watoto wachuuzi watano wa miaka 9 hadi 15, hesabu za biashara walipata asilimia 98, hesabu zilezile zikiwa namba tupu kwenye karatasi wakapata asilimia 37. Watoto watano ni wachache sana najua, lakini pengo lenyewe liangalie. Kama akili ni kitu kimoja kilichokaa kichwani kama taa, kwa nini inawaka sokoni na kuzimika darasani?

Kambi ya kwanza ina utetezi wake lakini, nisiwe mchoyo. Mwisho wa siku mtoto lazima afike mahali anahesabu bila maharage, algebra haina mchanga. Hiyo kweli. Ugomvi wangu ni kuanzia mwisho.

Mtoto anayebaki nyuma

Hapa ndo pa kuchagua kwa makini maana kosa linamuumiza mtu. Nilikuwa na mtoto darasani, nimwite Sudi ingawa si jina lake, aliletwa kwangu akiwa na sifa tayari, "kichwa kizito". Shule aliyotoka walimpigia kelele mwaka mzima. Wiki ya pili nikagundua anageuza shingo kila nikiongea, ananitegea upande mmoja. Nikamwambia mama yake aende naye hospitali, kumbe masikio yote yanatoka usaha, usiku mto unalowa, nyumbani wameshazoea. Akatibiwa. Mwezi uliofuata ananijibu kabla sijamaliza swali, tena msumbufu. Ule mwaka mzima watu walikuwa wanaitafuta akili yake wakati tatizo liko sikioni. Kwa hiyo kama mtoto wako amechelewa kutembea, kuongea, haitikii, usianze na nadharia yoyote wala maji ya diaba, anza na daktari. Hapa kambi ya pili nawapa pointi zote. Chumvi nayo hivyohivyo, mjamzito akikosa madini joto ubongo wa mtoto unaathirika tumboni, na sisi watu wa pwani tunaochota chumvi ya mashambani ya bei rahisi tuangalie kama imewekwa madini.

Lakini ukisema basi mwili ndo kila kitu, mpe uji ashibe akili itakuja yenyewe, kuna Jamaica. Kingston, kuanzia 1986, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 waliodumaa wa miezi 9 hadi 24 wakawagawa makundi manne. Kundi moja maziwa ya unga kilo moja kila wiki, la pili mhudumu wa afya anapita nyumbani saa moja kwa wiki anamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto kwa vitu vya kutengeneza wenyewe, la tatu vyote viwili, la nne hakuna. Miaka miwili. Mwishoni maziwa yalisaidia, mchezo ulisaidia, na waliopata vyote wakawa juu zaidi. Sasa wakafuatiliwa mpaka ukubwani, matokeo yakatoka 2014, waliokuwa na ule mchezo kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25, na maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo.

Mtu wa kambi ya kwanza atashangilia hapo, si unaona, akili! Ngoja kwanza. Ule mchezo haukuwa daftari, ulikuwa makopo, mikono, mama ameinama anaongea na mtoto. Ni mwili vilevile, ila mwili ulio na mtu. Na usiache uji pia kwa sababu ya Jamaica, kwetu utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Serikali yenyewe kwenye karatasi imeshachagua kambi ya tatu, ile programu jumuishi ya malezi na makuzi iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa watoto wa miaka 0 hadi 8 inaweka afya, lishe, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema na ulinzi kwenye kapu moja. Ila nenda nyumbani kwa mtu yeyote, kadi ya kliniki iko kabatini na daftari liko begini na sijawahi kuona mwalimu akiomba vyote viwili siku ya kuandikisha. Mimi naomba, wazazi wananishangaa.

Sasa kuchagua. Kama unasoma ualimu na unataka nadharia ya kushika, shika Vygotsky na Thelen, msome Piaget kwa ile miaka miwili ya mwanzo na kwa macho yake ya kuangalia watoto, Watson mpitie ujue tumetoka wapi. Kama una mtoto mwenye wasiwasi wa afya, Gesell na wenzake watakupa jicho la kujua umri gani utegemee nini, ila usiwaruhusu wakukalishe unasubiri miezi sita. Kama mtoto ni mkubwa, wa miaka kumi na kuendelea, anapenda vitabu, hapo kambi ya kwanza na madawati yao hawana ubaya sana.

Kwa wa miaka minne nilimwambia mdogo wangu mchanga. Akanijibu shemeji yako anasema tunalipa ada mtoto akachezee matope ambayo hapa nyumbani yapo bure? Swali la haki kabisa. Nikamwambia asiamini mchanga kwa kuwa ni mchanga, kuna chekechea zinamwaga mchanga uwanjani na ticha anakaa kivulini na simu, hiyo ni kambi ya kusubiri tena ya uvivu. Nenda ukae nusu saa. Sikiliza kama ticha anaongea na mtoto wakati mtoto anamwaga maji, anamuuliza kopo ngapi zimejaza ndoo, anasubiri jibu. Upande wa madawati nako angalia, watoto wananyanyuka mara ngapi, na anayenyanyuka anafanywa nini.

Shemeji ni mtu wa dini, na aliyemlainisha si Thelen wala Vygotsky, ni Imamu Ghazali, aliyefariki 1111 na aliyeamini roho kuliko mimi na wewe. Yeye anasema mtoto akitoka chuoni apewe nafasi acheze, maana kumzuia mchezo na kumchosha na masomo kila saa kunaua moyo wake na kuifanya butu akili yake. Shemeji akanyamaza kidogo akauliza imeandikwa wapi, nikamwonyesha.

Mtoto ameanza Jumatatu. Ijumaa nilipita Makorora nikamkuta barazani na bibi yake, ametoa mfukoni kokwa za ukwaju saba, zina mchanga bado, amezipanga tano huku na mbili kule. Nikamuuliza ngapi, akasema tano na mbili. Nikamwambia jumla, akazisogeza kwa kidole moja moja, akaipoteza moja chini ya mkeka, akasema sita, afu akainua mkeka. Shati la sare rangi yake siijui tena, na mama ameshaniuliza mara mbili hela ya sabuni anatoa nani.